Mjane wa Mkurugenzi

Nassibu Mkumba alimwambia mkewe kwamba Alhamisi atakuwa mjane. Alimwambia asubuhi, amesimama kibarazani na singlendi, ananyoosha tai kwa pasi ya mkaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza sukari dukani.

"Mjane wa nani?" mkewe, Sikujua, akauliza. Alikuwa amekaa chini, anasuka ukili wa mkeka.

"Wa yeyote. Wafadhili wanakuja kuangalia kikundi. Sihaba, mjane niliyemtegemea, amekwenda Mloka kulinda mpunga wa kaka yake usiliwe na nguruwe. Kanitupa."

"Sihaba ulimpiga picha mara mbili, na hata kipande cha sabuni hukumpa."

"Yule hana shukrani. Picha yake imefika mpaka Dar es Salaam."

Sikujua akakata ukindu kwa meno. "Wajane wa kweli Kibiti hii wamekwisha?"

"Wapo, lakini hawajui kujieleza. Mmoja atalia, mwingine ataomba nauli. Wewe una haiba, unasuka vizuri, na utakaa kimya nikikwambia kaa kimya." Akaiinua tai, akaitazama kwenye jua. "Ni kuigiza tu, Mama Rukaya. Saa moja, basi. Mradi ukipita, Rukaya atasoma mpaka achoke."

Huyu Nassibu alikuwa karani wa ghala la korosho la ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia na magari yao, ushirika ukafa, makarani wakapunguzwa. Wenzake walirudi shamba, au wakafungua genge, au wakakaa tu wakilaani serikali. Nassibu alichukua kiinua mgongo chake akaenda semina ya siku tatu Dar es Salaam, ambako bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa aliwaambia watu waliokosa kazi kwamba katika soko huria mtu naye ni bidhaa, na bidhaa isiyo na lebo haina mnunuzi. Wengi walisinzia wakingoja chai. Nassibu aliandika kila neno.

Alirudi na suti ya mtumba, brifukesi yenye kufuli bovu, na boksi la kadi zilizoandikwa N. S. MKUMBA, MKURUGENZI MTENDAJI, MTAALAMU WA DELTA YA RUFIJI. Ni kweli alizaliwa delta. Aliikimbia akiwa kijana kwa sababu ya mbu na matope, na tangu amzike baba yake huko hakukanyaga tena. Lakini aligundua kwamba wageni hulegea wakisikia neno delta, basi akalitia kwenye kadi, kwenye ubao uliopigiliwa mlangoni, na kwenye mazungumzo yote, hata ya kununua dagaa. Akaanzisha asasi ya kuwainua wajane wa delta. Asasi ilikuwa na mhuri mmoja na mwanachama mmoja, naye hakuwa mjane.

Sebule ya nyumba ikawa ofisi. Kitanda kilihamishiwa banda la jikoni, kwa sababu, alisema, mgeni akiona kitanda anamwona mtu, haoni taasisi. Sikujua akitaka kupita sebuleni kufuata kanga yake ilimbidi apige hodi. Mara nyingine hodi hiyo iliitikiwa kwa Kiingereza.

"Nitakaa nisuke," Sikujua akasema mwisho. "Lakini uongo siutamki. Mdomo wangu usiutegemee."

"Mdomo ninao mimi," Nassibu akasema.

Katika hilo hakudanganya.

*

Siku ya Alhamisi lilikuja gari jeupe. Alishuka mama mmoja wa Kizungu aliyevaa kofia pana, na ofisa miradi wake, Bwana Ebenezer, kijana wa bara mwenye kalamu mbili mfukoni. Wajane arobaini waliotajwa kwenye andiko la mradi walikuwa kumi na wawili, wote majirani, wengi wao waume zao wapo kazini au wamelala. Waliahidiwa soda. Waliambiwa wasizungumze.

Kabla ya kikao kuanza, Ebenezer alitoka uani kutafuta maji ya kunywa. Akamkuta Mwanahawa, jirani wa nyumba ya pili, aliyechelewa na hakusikia maagizo.

"Maji muombe mwenye nyumba, baba," Mwanahawa akamwambia. "Mke wa Nassibu. Yule pale anayesuka."

Ebenezer akamtazama yule anayesuka. Akanywa maji, akashukuru, akaingia ndani.

Nassibu alihutubia kwa muda mrefu. Alisema "mimi" mara nyingi kuliko alivyosema "wajane". Alieleza alivyolala kwenye mitumbwi akiwatafuta akina mama hawa mikokoni, alivyowafundisha kusuka, yeye ambaye hajui hata kuanza ukili. Wanawake walitazama chini. Ebenezer alitafsiri yote bila kubadili uso.

Mama wa Kizungu akapendezwa na mkono wa Sikujua. Akachuchumaa karibu naye, akaupapasa mkeka, akauliza swali. Ebenezer akaligeuza: "Anauliza, mumeo alifariki kwa nini?"

Sikujua akaacha kusuka. Akamwinulia Nassibu macho, hayakuwa ya ukali, yalikuwa ya mtu anayengoja aone mwenzake atafanya nini. Chumba chote kikangoja naye.

"Mamba," Nassibu akasema. "Alikuwa anavuka mto. Hatukupata hata nguo yake."

Wanawake kumi na wawili wakajifunika nyuso kwa kanga, mabega yakitikisika. Mgeni alidhani wanalia, akavua miwani akafuta macho. Sikujua peke yake hakujifunika. Aliendelea kumtazama mume wake aliyeliwa na mamba, na tai yake iliyonyooshwa vizuri.

Ebenezer akainama kidogo upande wa Nassibu, akasema polepole kwa Kiswahili: "Bwana Mkumba, huko uani nimeambiwa huyu mama ni mkeo."

Hapo palikuwa na nafasi. Angeweza kucheka, angeweza kusema amekamatwa, angeweza kusema ndiyo, ni mke wangu, anawawakilisha. Mtu mwenye haya kidogo angechagua mojawapo. Nassibu alikaza kifungo cha koti na kupaza sauti ili hata waliosimama dirishani wasikie.

"Huyu si mke wangu. Mke wangu yuko Dar es Salaam, ni mhasibu. Nasema mbele ya hawa wote: huyu mwanamke si mke wangu."

Kicheko kilikatika chini ya kanga. Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni, akaguna, "Nassibu," kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwona mwenzake anakanyaga moto.

Ebenezer aliandika kitu kwenye karatasi zake. Alijua. Lakini naye alikuwa na bosi, bosi alitaka miradi ianze kabla ya mwisho wa mwaka, na mradi wenye mjane mzuri wa kupigwa picha ni mradi. Mgeni akapiga picha tatu. Soda zikagawiwa, na ya Sikujua ikabaki kwenye kreti, kwa sababu alikwisha kukunja ukili wake akatokea mlango wa nyuma.

*

Jioni Nassibu aliingia banda la jikoni akipiga miluzi. Alimkuta mkewe amejitanda kanga mbili mpaka kwenye paji la uso, amekaa karibu na mlango, ulio wazi.

"Wamependa," akasema. "Ebenezer atalala gesti mpaka Jumapili aandike ripoti. Lete chakula."

"Rukaya amekuwekea kwenye meza ya ofisi."

"Mbona umejitanda hivyo? Unaumwa?"

"Sijui wewe ni nani yangu," Sikujua akasema. "Umenikana mbele ya watu. Siyo kwamba umesema mjane, hilo la kuigiza nililikubali, ujinga wangu. Umesema mimi si mkeo. Umerudia. Sasa siwezi kukaa chumba kimoja na wewe mpaka niambiwe kama hiyo ni talaka au siyo."

Nassibu alicheka. "Ilikuwa kazi ile."

"Kaseme hivyo."

"Nimwambie nani?"

"Mwalimu Abbasi. Nimekwisha kwenda kwake. Kasema kesho baada ya swala ya Ijumaa."

Nassibu akaacha kucheka. Hakukasirika kwa sababu amemuumiza mkewe. Alikasirika kwa sababu barazani kwa Mwalimu Abbasi kila mtu hupita. Akasimama pale na suti yake katikati ya masufuria, akamwambia kwamba hana akili ya biashara, kwamba wanawake wa wenzake wanawasaidia waume zao kupanda, kwamba jina hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa asubuhi moja. Sikujua alisikiliza mpaka mwisho.

"Jina lako nimelifulia mimi," akasema. "Hata shati hilo."

Nassibu alilala ofisini, juu ya meza.

*

Asubuhi iliyofuata Kibiti nzima ilikuwa na habari. Nassibu alipofika gengeni kununua wembe, muuza nyanya alimsogezea kiti. "Karibu, Marehemu." Kwenye banda la chai waliinuka kumpa pole ya msiba wake mwenyewe. Mmoja akauliza kama mamba alianzia mguuni au kwenye tai. Nassibu aliwagawia kadi. Alifundishwa semina kwamba dhihaka nayo ni matangazo.

Mwalimu Abbasi aliswalisha Ijumaa, na siku nyingine aliuza misumari na mabati. Hakupenda maneno mengi. Baada ya swala alikaa kwenye baraza ya msikiti, Nassibu mbele yake, na Mrisho, kaka yake Sikujua, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Ruaruke na jasho lilikuwa bado halijamkauka. Sikujua na Mwanahawa walikaa upande wa pili wa ukuta mfupi. Wanaume waliokuwa na safari waligundua kwamba hawana haraka.

"Ulisema huyu si mkeo?" Mwalimu akauliza.

"Nilisema katika mazingira ya kikazi."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Tamko hilo si la wazi kama talaka," Mwalimu akasema. "Lina pande mbili, na upande unaujua wewe uliyelitamka. Kama ulidanganya tu wageni, basi ni uongo, ndoa yako iko palepale, utatubu na utamwomba radhi mwenzio. Kama ulikusudia kumwacha, ameachika. Mimi sina la kuongeza. Ulikusudia nini?"

Mrisho akamgusa goti. "Shemeji, neno moja tu. Sema ulidanganya. Tucheke, twende tukale."

Nassibu alifungua mdomo. Na hakika alitaka kusema hivyo, maana si mtu aliyemchukia mkewe. Hakuwahi kumfikiria kiasi cha kumchukia. Lakini alipoinua macho alimwona, kati ya watu waliosimama, mpishi wa gesti anakolala Ebenezer. Mpishi alikuwa amekunja mikono, anasikiliza kwa utulivu. Nassibu akauona uongo wake unaandaliwa mezani jioni pamoja na wali na samaki: mkurugenzi alidanganya, wajane ni majirani, mke mhasibu hayupo. Akaiona kadi yake inachanwa.

Na papo hapo akaona njia: likiwa talaka, tamko lake halikuwa uongo. Akajiona mwerevu sana kwa kuiona.

"Nilikusudia," akasema.

Mrisho akauondoa mkono wake.

"Fikiri vizuri," Mwalimu akasema.

"Nimefikiri. Talaka moja."

"Basi ni moja. Atakaa eda katika nyumba yako, na ukitaka kumrejea kabla eda haijaisha, unayo haki."

"Katika nyumba yangu haiwezekani," Nassibu akasema. "Ile ni ofisi."

Mwalimu Abbasi alimtazama kwa muda, kama anavyoutazama msumari uliopinda, akiwaza kama unanyoosheka. Kisha akavaa viatu vyake.

Nje ya nyumba Nassibu alimkimbilia Mrisho, akamnong'oneza. "Usinifikirie vibaya, shemeji. Ni moja tu. Wageni wakiondoka namrejea. Hii ni karata tu ya mchezo, umeelewa? Jina limepona na mke amepona."

Mrisho alikuwa anafunga fundo la nguo za dada yake kwenye keria ya baiskeli, pale nyuma anapokaa abiria. Alivuta kamba kwa nguvu. "Hukuwahi hata kumtazama pale ukutani," akasema. "Mimi nilimtazama."

Sikujua alitoka na Rukaya. Hakulia, wala hakuaga nyumba. Alipita mlango wa ofisi bila kupiga hodi, akachukua begi la shule la binti yake lililokuwa chini ya meza, akaondoka.

*

Mradi ulipita. Ulileta pikipiki, taipureta, na mshahara wa mkurugenzi. Kikundi kilinunuliwa ukindu, na wanawake wale wale wa soda wakaanza kujiita wajane siku za wageni kwa wepesi, kama watu wanaovaa sare.

Kumrejea mwanamke aliye edani si kazi. Hakuna mahari wala sherehe. Ni maneno machache: nimemrejea mke wangu. Angeweza kuyasema mbele ya watu wawili, hata bila kufika Ruaruke. Lakini watu wawili wa Kibiti ni vinywa viwili, na wageni hawakuacha kuja. Mwanzo ulikuwa uzinduzi, akaona asubiri. Ukafuata ukaguzi. Kisha akaja mwandishi wa gazeti, akaandika habari ya mwanamume anayewapigania wajane wa delta, na katika mahojiano Nassibu akasema anaishi mpweke kwa ajili ya kazi. Mrisho alituma salamu mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu alimtuma Mwanahawa, aliyekuwa na ndugu Ruaruke.

"Wanauliza una mpango gani," Mwanahawa akamwambia, mlangoni, kwa sababu hakukaribishwa.

"Waambie mambo yako kwenye mchakato."

"Kwenye nini?"

"Wiki ijayo," Nassibu akasema.

Mwanahawa aliupeleka ujumbe kama alivyopewa. Sikujua alipoupokea alikuwa anafua. Akauliza tu kama Nassibu amekonda. Mwanahawa akasema amenenepa. Sikujua akasuuza nguo, akazianika, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

*

Nassibu alikwenda mwishowe, kwa pikipiki ya mradi, na suti, na miwani mipya isiyo na nguvu yoyote kwenye vioo. Aliwakuta wote uani kwa Mrisho. Mrisho alikuwa anabangua korosho, Rukaya anamsaidia, na Sikujua amekaa juu ya kibao kifupi, mkeka mpana umetandazwa mbele yake, mwekundu na zambarau, umebakiza kushonwa pindo tu. Rukaya aliinuka akamwamkia baba yake, "Shikamoo," akarudi kwenye korosho zake.

"Nimekuja kukamilisha lile jambo," Nassibu akasema. "Nimemrejea mke wangu. Shemeji, wewe ni shahidi."

"Eda imekwisha," Mrisho akasema.

"Imekwisha lini?"

"Muulize mwenyewe. Hesabu ni yake."

"Imekwisha wiki jana," Sikujua akasema bila kuacha sindano. "Nimekwisha kumjulisha Mwalimu Abbasi."

Nassibu alikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Wiki moja hiyo. Hakuna nyongeza ya muda? Mwalimu ni mtu wa kuelewa. Tukisema sote hapa kwamba ulikosea kuhesabu..."

"Mimi sikukosea."

"Basi ndoa mpya. Mahari natoa. Sasa nina uwezo, siyo kama zamani."

"Ndoa mpya inataka mwanamke akubali," Sikujua akasema. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto jambo la wazi. "Nilikungoja, Baba Rukaya. Siku zote za eda. Nilikuwa nikisikia pikipiki barabarani nafunga kanga vizuri. Nilisema labda leo haya zitamshika. Nilikungoja mpaka nikajionea aibu. Sasa sikutaki."

Rukaya aliacha korosho, akainama. Nassibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Usoni alikuwa na kitu kama maumivu, na pengine yalikuwa maumivu. Hayakudumu. Alitazama ule mkeka, akatazama alivyokaa mwanamke yule, mgongo umenyooka, mikono inakwenda, na jicho lake likabadilika. Akafungua brifukesi kwenye mapaja, akatoa kamera.

"Sitakusumbua tena," akasema. "Ila yule mama mfadhili anakuulizia kila barua. Ripoti ya mwaka wanaichapa mwezi ujao. Nipige moja tu, ukiwa hapo hapo unashona. Sasa hata si uongo, huna mume."

Mrisho aliinuka na nyundo ya korosho mkononi. Sikujua akamzuia kwa kiganja. Akaiweka sindano chini, akavuta kanga ikakaa sawa mabegani, akamgeukia Nassibu uso mzima.

"Piga," akasema. "Na chini ya picha uandike jina langu. Sikujua binti Huseni, wa Ruaruke. Uandike nimejifunza kusuka kwa mama yangu. Uandike nimeachwa, na aliyeniacha umuandike kama alivyo kwenye kadi."

Nassibu aliinua kamera mpaka jichoni. Akaishikilia pale kwa muda, kidole juu ya kitufe. Kisha akaishusha, akatazama angani, akasema mwanga hautoshi.

Jua lilikuwa utosini.